Laini Huonjwa

Swali lililoulizwa kwenye simu lilikuwa fupi, na jibu lake likawa fupi kuliko swali.

"Soketi ipo?"

"Ipo," akasema Kitinda.

Dada wa kampuni ya intaneti akamtajia siku ya fundi, Jumatatu kabla ya saa sita mchana, akakata simu. Kitinda akasimama jikoni akijichekea peke yake, kwa kuwa hakuzoea kupata kitu kwa neno moja. Kumbe neno lilikuwa moja na vitu vilikuwa viwili. Yule dada aliuliza soketi ya umeme. Kitinda alijibia soketi ya simu, iliyokuwepo tangu yeye hajazaliwa, koridoni, kando ya mlango wa mbele, imeganda ukutani kama kupe. Soketi ya umeme koridoni haikuwepo, na haikuwepo kwa makusudi.

Aliyeiweka ya simu na kuikataa ya umeme alikuwa baba yake. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi simu, mpanda nguzo, na wenzake walimwita Koleo kwa sababu akishika kitu hakiachii, uwe waya au liwe neno. "Waya wa simu na waya wa umeme ni mashemeji wasiosemeshana," alizoea kusema. "Kila mmoja na njia yake." Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anachekesha. Mwenzake waliyeshikiana ngazi miaka tisa alipanda nguzo asubuhi moja baada ya mvua, kurekebisha waya wa simu, asijue kwamba mtaa wa tatu waya wa umeme umekatika na kuuangukia. Koleo ndiye aliyemshusha, mgongoni. Tangu siku hiyo, katika nyumba yake, umeme ulipita kuta za nyuma na simu ikapita za mbele.

Kitinda alizaliwa miaka kumi na minne baada ya kaka yake, wakati mama yao alikwisha kugawa nguo za watoto kwa majirani. Shule aliiacha darasa la sita mama alipoanza kuugua, akamuuguza mpaka akamzika, na hakurudi tena darasani. Mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito. Akiulizwa jambo aliangalia vidole vya miguu yake kana kwamba jibu limeandikwa huko. Ila kwenye simu, ambako hakuna wa kumtazama, sauti yake ilitoka imenyooka na tamu, mpaka siku moja alipopiga kuagiza mtungi wa gesi ya kupikia, msimamizi wa pale akamwambia, "Mdogo wangu, wewe unatafuta kazi? Wateja wanatutukana kutwa. Sauti kama yako ingewapoza."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea simu za wanaoagiza gesi na kuandika kwenye kompyuta. Ingefanyiwa nyumbani. Kompyuta wangempa wao, lakini laini ya waya ajitafutie, kwa sababu intaneti ya simu ya mkononi ilikuwa ikiwaangusha.

Neno hilo, nyumbani, ndilo lililomkamata. Kwa sababu miezi ilivyokwenda, kumbukumbu za Koleo zilianza kuvuja. Aliunguza sufuria mbili. Siku moja alikutwa mtaa wa pili, kavaa pajama, amesimama chini ya nguzo akimsubiri mwenzake ateremke, yule aliyekufa. Kitinda wakati huo alikuwa kwenye kazi yake ya kufua mashuka hotelini, anaondoka alfajiri na kurudi alasiri. Kila mara alimfichia baba yake. Sufuria, alisema ameziunguza yeye. Safari ya nguzoni, alisema alimtuma dukani. Lakini majirani wana midomo, na kaka mkubwa, aliyekuwa akiishi mji mwingine na mkewe na watoto wanne katika vyumba viwili, akapiga simu.

"Mwisho wa mwezi," alisema Kaka. "Mzee akipata mtu wa kukaa naye kutwa, abaki nyumbani kwake. Asipopata, anakwenda makao ya wazee. Nimeshaongea nao. Kitanda kipo, wananisubiri mimi na karatasi ya daktari tu."

"Mtu yupo, Kaka. Mimi."

"Wewe uko hotelini unafua mashuka ya wageni."

Ndipo Kitinda alipoitaka intaneti kama mgonjwa anavyotaka maji.

*

Jumatatu, Kitinda akiwa ameomba ruhusa ya wiki hotelini, fundi alifika saa nne, kijana mwembamba mwenye mkoba wa zana na haraka usoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema Koleo, ambaye alikwisha kuweka stuli yake koridoni tangu saa mbili. "Wewe ndiye umekuja kuiona laini yangu? Haya, ifungue. Taratibu, ni mwanamke mtu mzima huyo."

Fundi akacheka, akapiga magoti, akafungua kifuniko cha soketi. Nyaya mbili nyembamba zikachungulia. Akatoa kifaa chake cha kupimia, lakini Koleo alikuwa ameshainama.

"Umeionja?"

"Nimeonja nini, mzee?"

"Laini. Laini huonjwa, kijana." Akalamba vidole viwili, akavigusisha kwenye zile nyaya, akafumba macho kama mtu anayesikiliza mbali. "Hai. Inatekenya. Enzi zetu ukiwa juu ya nguzo, mikono imejaa, unaimenya kwa meno, unaionja kwa mdomo. Ikikutekenya unajua ni nzima, unashuka kunywa chai."

"Sisi siku hizi tuna mashine, mzee."

"Na mashine ikifa betri?"

"Nitakuja kukuchukua wewe."

"Ujue kabisa mimi sipandi pikipiki," akasema Koleo, na Kitinda akafurahi kusikia jinsi baba yake alivyo mzima leo, hajapotea hata neno.

Fundi akatoa ruta kwenye boksi, kisahani cheusi chenye taa ndogo, akaangalia chini ya ukuta huku na huku. Akaenda mpaka mwisho wa korido akarudi.

"Dada, soketi iko wapi?"

Kitinda akaonyesha kwa kidevu. "Si hiyo."

"Hii ya simu. Ya umeme naiulizia."

Kitinda akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Hapa nimeandikiwa soketi ipo," fundi akasema, akigonga karatasi yake. "Hiki kitu kinakula umeme, dada, na waya wake hauzidi urefu wa mkono wako. Soketi ya umeme ya karibu ni ipi?"

"Ya sebuleni. Nyuma ya kabati."

Fundi akapima kwa hatua. Hatua kumi na moja, na kona moja. Akakuna kichwa. "Basi ni mambo mawili. Nitoboe ukuta niihamishie simu sebuleni, au nivute umeme kutoka sebuleni uje hapa."

"Umeme hauji koridoni," akasema Koleo.

"Ni waya mdogo tu, mzee."

"Hata mwenzangu alikuwa mtu mdogo tu." Sauti yake haikupanda. "Na ukuta wangu hautobolewi. Hiyo laini nimeivuta kwa mikono yangu, haina kiungo hata kimoja tangu nguzoni mpaka hapo. Mashine isiyojua kula umeme wa laini ni mashine ya kudeka. Simu zetu zilikula nini? Zilikula laini. Nyumba nzima gizani, wewe unapiga simu."

Fundi akaanza kurudisha vitu kwenye boksi. Alifanya hivyo kwa upole, na upole huo ndio uliomuumiza Kitinda. Akamfuata mpaka nje, getini.

"Unarudi lini?"

"Naandika nyumba haiko tayari. Ukipanga upya ni wiki tatu, dada. Zikiwahi."

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa. Jumatano msimamizi wa gesi angempigia kumjaribu. Kitinda alimwangalia fundi usoni, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Huo waya mdogo," akasema. "Ukoje?"

Fundi akautoa kwenye mkoba. Ulikuwa mweupe, bapa, mwembamba. Mtu asiyeujua angeapa kwamba ni wa simu.

"Vuta huo."

"Mzee si amekataa?"

"Mzee nitaongea naye. Nitamwambia ni waya wa simu, unaopeleka intaneti kwenye kompyuta yangu sebuleni. Kompyuta itakaa sebuleni kweli. Nusu si uongo."

"Dada, mimi sipendi kumzunguka mtu mzima. Na yule si mtu wa hivi hivi, ni fundi."

"Baba akienda makao ya wazee, miezi mitatu hafiki," Kitinda akasema, na machozi yakamtoka bila yeye kubadilisha sauti. "Atatoka usiku kutafuta nguzo zake na nguzo hazitakuwepo."

Fundi akautazama ule waya mkononi mwake. "Mimi sisemi kitu," akasema mwishowe. "Utasema wewe."

Na Kitinda akasema. Alichuchumaa kando ya stuli ya baba yake, akamshika goti, akamwambia kwamba fundi amekumbuka, kumbe zipo mashine nyingine za aina ile zinazokula umeme wa laini, ule ule wa zamani, na hii ni mojawapo.

Koleo akamgeukia fundi. "Kweli?"

Fundi alikuwa ameuma misumari midogo mdomoni. Akatikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa shingo inamuuma.

"Na huo mweupe?"

"Huo ni wa simu, baba," akasema Kitinda. "Unatoka kwenye ruta unakwenda kwenye kompyuta."

"Haya," akasema Koleo, akaridhika. "Si nilikwambia? Laini inalisha kila kitu." Akakaa akimwongoza fundi namna ya kupigilia vishikizo vya waya ukutani viwe kwenye mstari mmoja, na fundi akamtii kishikizo kwa kishikizo. Mahali ambapo plagi ya ruta ilichomekwa kwenye ule waya, fundi alipafunga ndani ya kijisanduku cha plastiki. Upande wa sebuleni plagi ikaingia nyuma ya kabati, kusikoonekana. Taa nne za ruta zikawaka. Koleo akazihesabu kwa sauti, akapiga makofi mawili.

Fundi alipoondoka hakuaga vizuri.

*

Siku mbili nyumba ile ilikuwa na amani. Kompyuta ya kampuni ya gesi ililetwa, Kitinda akajifunza kuiandikia kwa vidole viwili, Koleo akawa anapita koridoni na kuzisalimu zile taa nne kama wapangaji wapya.

Jumatano saa tatu msimamizi akapiga kumjaribu. Kitinda akaitikia, akampokea mteja wa kwanza, akaandika mtungi mmoja mdogo, na laini ikakatika. Ikarudi. Mteja wa pili, ikakatika katikati ya jina la mtaa. Mara ya tatu msimamizi alisema, "Sauti yako naitaka, mdogo wangu, ila laini yako inanichezea. Kesho saa nne nakupigia tena. Ikikatika, nampa mwingine. Usinichukie."

Kitinda akatoka sebuleni, akaegemea ukuta wa korido.

"Kuna nini?" akauliza Koleo.

"Inakatika, baba."

"Inakatikia wapi?"

Alikuwa amechoka, na kichwa chake kilikuwa kwenye kesho saa nne. Uongo wake alikwisha kuuzoea kiasi kwamba haukumkwaruza tena kooni. "Sijui," akasema. "Labda kwenye huo waya mweupe."

Kisha akachukua kanga yake, akaenda dukani kununua vocha ampigie fundi.

Dukani kulikuwa na foleni ya watu watatu. Fundi alipokea kwa mlio wa kwanza, kama aliyekuwa akiisubiri simu hiyo. Akamwambia tatizo litakuwa nguzoni, nje, si ndani. Azime ruta, ahesabu mpaka sitini, awashe. "Na ule waya, dada," akaongeza, "nimekuwa nikiufikiria. Jumamosi siko kazini. Nitakuja niutoe, nikuwekee vizuri. Bure."

"Njoo," akasema Kitinda, na moyo wake ukawa mwepesi njia nzima ya kurudi.

Alikuta mlango uko wazi. Koleo alikuwa chali koridoni, miguu imeelekea mlangoni. Kando yake alikuwa ametandika gazeti, ili uchafu usianguke sakafuni. Juu ya gazeti zana zake zilipangwa mstari, kubwa kwa ndogo, na miwani yake ilikuwa bado iko machoni, imepinda. Waya mweupe ulikuwa umetolewa kwenye vishikizo vinne, na mahali pa urefu wa kidole ngozi yake ilikuwa imemenywa, safi, shaba haina hata mkwaruzo. Kulikuwa na harufu ambayo Kitinda hakuijua. Baadaye aliijua, ilikuwa ya ngozi ya mtu iliyoungua.

Hakupiga kelele. Alikimbilia sebuleni, akalisukuma kabati kwa bega, akang'oa plagi. Ndipo akarudi, akapiga magoti, akaweka sikio kifuani. Moyo ulikuwa unapiga, ila ulipiga kama mtu anayetembea kwenye chumba chenye giza, anaanza, anasita.

Jirani mwenye teksi ndiye aliyewapeleka hospitali.

*

Koleo alizinduka jioni. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilifungwa bandeji, na mdomo wa chini ulikuwa umevimba na kupasuka, umepakwa dawa nyeupe. Alitazama dari kwa muda mrefu. Kitinda alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono katikati ya magoti.

"Ule waya ulikuwa wa umeme," akasema Koleo. Hakuwa anauliza.

"Ndiyo, baba."

"Nani alijua?"

"Mimi. Na fundi, lakini nilimlazimisha mimi."

Koleo akavipapasa vidole vyake vilivyofungwa. Wodini mtu alikohoa, mwingine akamwambia pole.

"Nilitaka kukutengenezea," akasema. "Nilifikiri kuna kiungo kibovu."

"Najua, baba."

"Ulikuwa hauna kiungo."

"Hapana."

"Haya," akasema, akafumba macho. Kitinda alingoja atukanwe. Alingoja mpaka nesi alipokuja kumwambia muda wa kutazama wagonjwa umekwisha.

Asubuhi alimkuta ameketi, analishwa uji kwa kijiko. Alipomwona tu akasema, maneno yakipita kwa shida kwenye ule mdomo, "Leo Alhamisi. Lori la taka linapita. Umetoa taka?"

"Sijatoa."

"Basi tutaishi nazo wiki nzima. Wewe utakuja kuolewa na takataka." Na Kitinda akacheka, huku analia, kwa sababu baba yake alikuwa mzima, mzima kuliko wiki zote zilizopita, kana kwamba ule umeme ulifagia vumbi kichwani mwake.

Kaka alifika saa tatu na nusu, viatu vina vumbi, macho mekundu. Alisimama mwisho wa kitanda akautazama ule mdomo, akageuka dirishani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kupigiwa simu na majirani.

Daktari alikuja na faili, mwanamke wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Mzee, nisaidie kuelewa," akasema. "Uliumenya waya wenye umeme kwa mkono mtupu, ukaupeleka mdomoni. Ulijua ni wa umeme?"

"Daktari," akasema Kaka, "huyu ni fundi simu. Nyaya anazijua kuliko anavyotujua sisi wanawe. Kama hakujua, basi yupo aliyemfanya asijue. Na huyo fundi wa intaneti atanieleza polisi, leo leo, yeye na yeyote aliyeshirikiana naye."

"Kama waya ulifichwa kwa makusudi, hata mimi itanibidi niandike hivyo," akasema daktari. "Na hospitali italazimika kuwajulisha polisi. Ndiyo maana nauliza. Mzee, ulijua?"

Koleo alimtazama Kitinda. Ilikuwa mara moja tu, na fupi.

"Nilijua," akasema. "Nikasahau."

Kaka alishusha pumzi kama aliyetua mzigo. Daktari akaandika neno lile. Kitinda aliona kalamu ikitembea, na akasikia ulimi wake unavyokuwa mzito, akaunyanyua kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Hakusahau," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Hakusahau. Nilimwambia mimi ni waya wa simu. Mara mbili nilimwambia. Fundi alikataa, nikamlilia. Baba alionja kwa sababu laini huonjwa, na mimi nilimwambia ni laini."

"Umeanza," akasema Kaka. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lilikuwa baya. "Sufuria ilipoungua ulisema ni wewe. Ya pili ikaungua, ni wewe. Mzee kaenda kulinda nguzo na pajama, ulimtuma dukani. Leo kaweka umeme mdomoni, ni wewe tena. Utabeba mangapi, Kitinda? Mgongo wako una ukubwa gani?"

"Safari hii ni kweli."

"Na zile zingine?"

Kitinda akaangalia vidole vya miguu yake. Zile zingine zilikuwa uongo, na Kaka alijua, na sasa alikuwa amezipanga mbele yake moja moja kama ushahidi.

"Dada," akasema daktari kwa upole, "wanaowatunza wazee hujilaumu hivyo hivyo. Tunaona kila wiki." Akafungua ukurasa mpya. "Mzee, nitakuuliza maswali mepesi, usiyachukie. Ukiyajibu vizuri, nitajua kichwa kiko sawa, na nitarudi kuuliza upya habari ya huo waya. Sawa?"

"Sawa," akasema Koleo.

Kwenye mfuko wa Kitinda simu ikaanza kutetemeka. Ilikuwa saa nne. Hakuishika. Ikatetemeka mpaka ikakoma.

"Leo ni siku gani?"

Koleo akafikiri, au akajifanya anafikiri. Alitazama dirishani, akatazama shuka lake, akakunja uso kama mtu anayepapasa kitu chini ya kitanda.

"Jumapili," akasema.

Kitinda, aliyeketi ukingoni mwa kitanda, akafumbua mdomo. Chini ya shuka mguu wa baba yake ukasogea, ukamgusa pajani, ukabaki pale umemkandamiza.

"Mwezi gani?"

Akataja mwezi uliokwisha miezi mitano nyuma.

"Nitajie siku za wiki, ukianzia mwisho kurudi nyuma."

Akataja mbili, akasimama, akaomba radhi. Aliomba kwa adabu ya mtu ambaye maishani mwake hakuzoea kushindwa kazi. Kaka alikuwa amefunika uso kwa kiganja.

"Huyu aliyesimama hapa ni nani?"

"Mwanangu mkubwa. Anaishi mbali. Ana watoto wengi sana."

"Vizuri. Na huyu dada?"

Hapo Koleo alichukua muda. Alimtazama Kitinda usoni, jicho kwa jicho, kama alivyokuwa akitazama laini aliyomaliza kuivuta, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kuhakikisha haina mahali palipolegea. Kitinda akatikisa kichwa polepole, akimwomba, hapana, baba, hapana. Daktari alidhani binti analia.

"Huyu ni nesi," akasema Koleo.

Kalamu ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Daktari aliandika mistari minne, akaichomoa karatasi kwenye faili, akampa Kaka, na Kaka akaipokea kwa mikono miwili, akatoka nayo korido ya hospitali. Walimsikia akipiga simu. Walimsikia akiuliza kama kile kitanda bado kipo, na kama mgonjwa anaruhusiwa kuja na stuli yake.

Kitinda angeweza kupiga kelele. Lakini kila atakalosema lingeandikwa kwenye ukurasa ule ule, chini ya lile neno la kusahau, kuwa ni mambo ya binti anayemfichia baba yake. Na baba mwenyewe alishaamua, na yeye akishika neno haliachii.

Mdomo wa mzee ulikuwa umeanza kutoa damu, kwa maneno mengi aliyoyasema. Kitinda akachukua pamba kwenye sahani ya chuma, akailowesha, akampangusa taratibu kuanzia pembeni kwenda katikati, kama alivyowaona wenye kazi hiyo wakifanya. Daktari alikuwa bado yuko mwisho wa kitanda, anafunga faili.

"Ahsante, nesi," akasema Koleo.

"Karibu, mzee," akasema Kitinda.